Tundu la Pazia

Pazia la duka lile la ushonaji lilikuwa na tundu la ukubwa wa kifungo cha shati, na nyuma ya tundu hilo Bundi alikuwa amekaa miaka kumi na minne. Jina hilo alipewa na wateja, kwa tabia yake ya kumkazia mtu macho bila kupepesa wala salamu. Akimtazama mtu mara moja tu, anakata kitambaa bila futi na bila kuandika, na nguo inakaa mwilini kana kwamba mwenyewe kazaliwa nayo. Kipaji cha namna hiyo hakiuzwi dukani. Lakini watu ni watu: wanapenda nguo iwakae vizuri, hawampendi aliyewaona walivyo.

Zamani alikaa mbele pamoja na kaka yake. Aliharibu siku moja tu, alipomwambia mteja mmoja, mbele ya mama mkwe wa mteja huyo, kwamba aongezewe vidole vitatu tumboni kwa sababu mimba hiyo itakua. Mteja alikuwa hajamwambia hata mumewe. Kesho yake kaka akatundika pazia. Mama yao, alipokuwa hai, alizoea kusema, "Kaka yako ana mdomo, wewe una macho. Shikamaneni, mtakula." Basi mdomo ukabaki mbele, macho yakawekwa nyuma.

Kaka mtu kushona alijua, mshono wake ulinyooka. Kukata hakujua hata chembe. Alivaa futi shingoni, akawazungushia wateja kiunoni, akaandika tarakimu kwenye daftari ambalo hakuna aliyelifungua tena. Yote maigizo. Wateja wakamwita Vipimo, naye akakivaa hicho kilemba cha ukoka mpaka akaamini ni chake.

Mwaka wa kumi na nne wa pazia hilo, chama cha mafundi kilikuwa kinafungua chuo na kinatafuta mkuu wa kukiongoza. Sharti lilikuwa moja: anayeutaka ukuu ampime mwenyekiti wa chama mara moja, amshonee koti, asimjaribishe, kisha amvishe mbele ya mafundi wote. Kaka alimwahidi Bundi kwamba wakifaulu, yeye ndiye atakuwa mwalimu wa ukataji, asimame mbele ya darasa, jina lake mlangoni. Bundi hakuwa mtu wa kutamani vitu. Hicho alikitamani. Akaanza hata kufanya mazoezi ya kusalimia watu, kwa kuisalimia pasi.

Jumatatu mwenyekiti akaja kupimwa, mama mrefu mwenye mabega mapana na maneno machache. Vipimo akamzungushia futi yake. Mama akaona pazia linatikisika, akauliza nani yuko huko.

"Ah, ni mdogo wangu tu," kaka akasema. "Kichwa chake hakijatulia, mama. Namweka pale aokote vipande. Ni huruma, ningemtupa wapi?"

Na akacheka. Bundi alisikia kila neno, maana pazia linaziba macho, haliwezi kuziba masikio. Mwingine angelia. Yeye alichukia, chuki safi isiyotetemesha mkono. Huruma! Anayelishwa ndiye anamwonea huruma anayemlisha. Akatandaza kitambaa cha mwenyekiti mezani, akashika chaki na mkasi, akakata koti zuri kuliko yote aliyowahi kukata. Ila hakumkatia mwenyekiti. Alijikatia mwenyewe.

Bundi ni mwembamba, na bega lake la kulia liko chini ya la kushoto kwa vidole viwili, tangu kuzaliwa. Kaka alipokuwa anaunganisha vipande aliliona hilo bega lililoshuka. Fundi mwingine yeyote angesimamisha cherehani. Yeye akajisemea kumbe mama mwenyekiti ana bega la chini, Bundi hakosei. Akaona na kiuno chembamba, akajisemea kwamba mavazi yanadanganya, Bundi hakosei. Mtu akiacha kutazama miaka kumi na minne, macho nayo yanaacha kazi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Huyu alikuwa anakitia bitana huku akiimba. Bundi alimtazama kupitia tundu siku zote hizo, na kila siku angeweza kumwambia. Hakumwambia.

Jumamosi asubuhi ukumbi ulijaa mafundi. Bundi aliketi safu ya mwisho, bila kualikwa. Kaka akahutubia kwamba futi ni msaada tu, jicho ndilo linalopima, maneno aliyoyaokota nyuma ya pazia. Kisha akamshikia mwenyekiti koti. Mkono ukaingia mpaka kwenye kiwiko, ukagoma. Akavuta. Mama akautoa mkono wake taratibu kabla mshono haujaachia. Mtu mmoja akachekea puani, kisha safu nzima.

Hapo Bundi akainuka. Alipita katikati ya viti bila kumsalimia mtu, mazoezi yote bure. Akalichukua koti mikononi mwa kaka yake, akalivaa, akafunga vifungo vyote vitatu, akageuka polepole ili waone. Juu ya lile bega lililochekwa tangu shuleni hapakuwa na mkunjo hata mmoja. Mafundi ni mafundi, walielewa wote kwa pamoja. Kicheko kikakatika.

Kaka akamsogelea, akamnong'oneza kwamba anamwaibisha, kwamba damu ni damu, kwamba amkumbuke marehemu mama. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye futi. Watu husema kisasi hakishibishi. Waongo. Bundi alishiba.

Kutoka mkobani akatoa kitambaa kingine, rangi ileile, akakitandaza kwenye meza ya wakubwa. Akaweka chaki. Akaweka mkasi.

"Haya, kaka," akasema, kwa sauti ambayo wengi hawakuwahi kuisikia. "Mwenyekiti huyu hapa. Mtazame, umkatie."

Mwenyekiti akasimama wima, akasema hana haraka. Ukumbi mzima ukangoja. Kaka akavua futi shingoni, akaizungusha kiunoni mwa mwenyekiti, akaisoma tarakimu kwa sauti kama alivyozoea. Kisha akashika mkasi, na kwa mazoea yaleyale akageuka nyuma kulitafuta pazia. Palikuwa na ukuta.