Ukoko Haukuandikwa

...kwaru, kwaru, kwaruu, chuma juu ya chuma, na Sheikha akazuia pumzi akasikiliza, nani huyo anayekwangua sufuria saa nane ya usiku, Kibokoni nzima imelala, hata paka wa ukutani wamenyamaza, nani huyo asiye na haya, na alipozuia pumzi mkwaruzo nao ukakatika, ukatulia kama mwizi aliyesikia komeo, akangoja, kimya, akapumua, kwaruu, ukaanza tena, na hapo ndipo alipomtambua, maana kijiko kilikuwa mkononi mwake mwenyewe, sufuria ya wali wa jioni imekaa mapajani pake, naye ameketi gizani juu ya mbuzi ya kukunia nazi, kinywa kimejaa ukoko, ukoko wa wali wa nazi, mkavu, wenye chumvi, mtamu kuliko wali wenyewe, na hakumbuki ameshukaje ngazi... La, asijidanganye, akumbuka vizuri sana, alizishuka moja moja kwa ncha za vidole, akairuka ile inayolia, akafika mlango wa mavyaa yake, Bi Mwanakhamis, ambako Mwanakuu amelala ubavuni mwa bibi yake, mtoto wa miaka miwili, akajiambia namchungulia mwanangu tu, nikishamwona napanda zangu, akamchungulia, akamwona kalala kifudifudi na kidole kinywani, na hakupanda, akashuka, na huo ulikuwa udhuru wa kwanza wa usiku huu. Wa pili ulikuwa karatasi. Karatasi ya daktari i chini ya sanduku la nguo, lakini aijua kwa moyo kama alivyoijua juzuu ya kwanza, wali nusu kikombe cha chai, samaki wa kuchoma, samli hapana, sukari hapana, halwa hapana, tui zito hapana, tafuna polepole, tembea saa moja kila siku, na ukoko? Ukoko haukuandikwa, mbele wala nyuma, yeye aliyesoma hadi kidato cha nne ameisoma karatasi ile kama wakili, na daktari yule Mhindi aliyesomea ng'ambo labda hata hajui ukoko ni kitu gani, na asichokiandika hakukikataza, sivyo... kwaruu... sivyo? Sivyo, Sheikha. Wewe ndiwe uliyeuchora utumbo kwenye daftari la biolojia, ukaupaka penseli nyekundu, mwalimu akakuwekea alama ya vyema, na daktari alipogeuza karatasi akachora utumbo ule ule, akaonyesha hapa nitakata, hapa nitaunga, chakula kitapita njia ya mkato, ulielewa kabla hajamaliza, ulielewa kuliko mumeo Athmani aliyekuwa akitokwa na jasho kwenye kola ya shati, na neno la mwisho ulilielewa pia, "Kisu changu kinakoma hapa, Bi Sheikha, mbele ya hapa ni wewe mwenyewe, ukirudia mafuta utaharisha mpaka chumvi ya mwili iishe, na moyo usio na chumvi husimama," alisema husimama, kwa sauti ya mtu anayetaja saa ya gari moshi. Na juzi mguu ulimkaza usingizini akauma mto asipige kelele, na jana alikwenda chooni mara saba akamwambia mavyaa ni maji ya kisima, na bado, na bado kijiko ki mkononi. Leo ni Jumapili. Kesho aliyokuwa akiisukuma wiki nzima imeshakuwa leo, saa moja asubuhi Athmani atatoka zamu Kilindini, aliko karani wa wakala wa mizigo, atakuja na teksi, atamwambia mama yake namtoa Sheikha akapunge hewa, na teksi itakwenda ghalani, kwenye mizani ya magunia, kwa kuwa mizani ya hospitali siku ile ya kwanza sindano ilikwenda hadi mwisho ikasimama pale ikitetemeka, na muuguzi akacheka ndani ya kiganja, ndipo Athmani akasema basi, kazini kwetu kuna mizani isiyomcheka mtu. Akampandisha juu ya ubao ule unaopandishwa kahawa na pamba, yeye na buibui lake, mlinzi akageuza uso ukutani akajifanya anasoma tangazo la moto, na hajui kusoma, Mungu amlipe heri, na Athmani akasukuma kile chuma taratibu akinong'ona kama anayesoma dua, ratili mia tatu na kumi na mbili. Hiyo ilikuwa kabla ya kisu. Baada yake mia mbili na themanini, kisha mia mbili na hamsini, kisha mia mbili thelathini na moja, na siku hiyo Athmani alicheza baina ya magunia, karani mzima na kalamu sikioni, "Mke wangu umepukutika gunia zima la unga!" akacheka naye akacheka mpaka mshono ukamuuma... na mwezi uliopita chuma hakikushuka, wala hakikusogea, Athmani akakuna kichwa akasema, "Mizani hii ina kutu," na yeye akaitika upesi, ndiyo, ina kutu, huku kamba ya shimizi ikimwambia habari nyengine, lile fundo limerudi lilikokuwa. Leo chuma kitapanda. Athmani atatafuta kutu pengine wapi? Na Mwanabaraka je, usimfikirie Mwanabaraka, usiku huu usimfikirie, lakini ameshakuja, ameshaketi, bibi wa kitanda cha pili hospitalini, aliyekatwa wiki mbili kabla yake, mcheshi yule, halwa chini ya mto, "Mwanangu, huyu daktari amekata utumbo, ulimi hakuukata!" akimkonyeza, akimmegea, na Sheikha siku hizo mkali wa nafsi yake akikataa, la, Bi Mwanabaraka, mimi nina mtoto, na yeye akicheka, "Nami sina? Ninao sita!" wote sita walikuja kumchukua kwa gari lililopambwa, na baada ya Idi Athmani alirudi kutoka kazini akavua viatu akiwa amempa mgongo, akasema akiviambia viatu, yule bibi wa kitanda cha pili, wamemzika Alhamisi. Hakuuliza kwa nini. Alikwenda kutembea jioni ile ile, Kibokoni hadi Ngomeni na kurudi, mara tatu, buibui limelowa mgongoni, akatembea hivyo siku kumi na moja, kisha ikanyesha, kisha palikuwa na matope, kisha Mwanakuu akapata kikohozi, kisha wanaume wa barazani wakamtazama, mke wa Athmani amepotelewa na nini huku kila magharibi, kisha ikanyesha tena, ikanyesha mwezi mzima katika mwezi usio na mvua. Na chakula hakikuanza kwa ulafi, kilianza kwa heshima, nani atamlaumu, wote wa nyumba hii wameambiwa alipasuliwa ngiri, Athmani alimwapisha, mama asijue, watu wasijue, watasema nimemkata mke wangu kwa kumwonea aibu, watasema tumeyaingilia maumbile ya Mungu, basi ni ngiri, na mgonjwa wa ngiri hurudishiwa damu, sahani zikaja kutoka nyumba saba zimefunikwa kawa, na mavyaa kwenye sinia akifinyanga tonge kwa vidole vyake, linadondoka samli, analileta hadi mdomoni, "Fumbua kinywa, mwanangu." "Mama, nimeshiba." "Umeshiba nini, upepo? Wewe wataka watu waseme kwa Mwanakhamis mke wa mwana hali? Mashavu yako yamekwenda wapi, umeyapeleka rehani?" na wanawake wote wanacheka, na mkono umening'inia hewani, mkono wa mzee, mkono uliomlea mumewe, utaukataa vipi, akafumbua, tonge la kwanza kwa heshima, la pili kwa heshima, la tatu... la tatu alilingojea. Hilo hakumwambia mtu. Lakini sasa, Sheikha, sasa hivi, mavyaa yako yuko juu amelala na mkono wake kalala nao, majirani wamelala na kawa zao, hakuna mvua, barazani hapana mtu, huu unaoshika kijiko ni mkono wa nani? Akautazama. Haukuonekana gizani, akausikia tu, mzito, wenye mafuta, ukirudi sufuriani wenyewe, kwaruu, na hofu ikampanda kutoka tumboni, kutoka pale penyewe palipoungwa, akaona nitakufa na ukoko kinywani, wataniosha waukute baina ya meno, Mwanakuu ataambiwa mamako alikufa kwa ngiri, ataamini, ataolewa akiamini... 

"Mama Mwanakuu."

Sauti ilitoka nyuma ya pazia la gunia, hatua tatu tu, kwenye chumba cha kuni anakolala Kanze, mpishi wao, mama wa watu kutoka Kaloleni, ambaye kwa siku kumi na tisa za kushuka huku usiku Sheikha alijiaminisha kuwa ana usingizi wa gogo. "Mama Mwanakuu, hicho kijiko chalia mno, Bi Mkubwa ataamka. Chukua ule upawa wa kifuu hapo ukutani, hauna kelele." Upawa. Ampa upawa. Hakusema mwizi, hakusema huna haya, ampa chombo cha kimya, na Sheikha akataka kucheka na akataka ardhi ipasuke, akasema, "Kanze, kumbe u macho?" "Mimi? Silali saa hizi, namngoja paka wangu." "Paka gani?" "Si huyu alaye gizani, Bi Mkubwa akanisingizia mimi? Kila asubuhi, Kanze una tumbo la pipa wewe, sufuria waiacha yang'aa! Nami nasema ndiyo, Bi Mkubwa, kwetu njaa ni ya ukoo." Ni kweli, jana asubuhi mavyaa alisema hivyo, Sheikha alikuwapo, alikuwa akimfunga Mwanakuu nywele na hakuinua uso, ukoko ni haki ya mpishi katika nyumba hii tangu zamani, ndicho chakula chake cha asubuhi, na kwa siku kumi na tisa mwanamke huyu ameamkia chai tupu na tusi juu yake. "Kwa nini hukusema?" "Niseme nini? Kula, mwanangu. Nilikuona ulivyorudi hospitali unapukutika, mwezi kwa mwezi, nikasema moyoni, hawa watu wana mali na wamnyima mkaza mwana wao chakula, mchana wamlisha matonge mbele za watu, nyuma ya mlango wamfungia kabati. Basi nikawa nazidisha moto." "Wazidisha moto?" "Wali ukikaribia kuiva nauongezea makaa chini, ushike, ukoko uwe mnene. Na tui nalitia lile la kwanza, zito. Jana Bi Mkubwa alisema Kanze wachoma wali siku hizi, nikamwambia macho yamekuwa mabaya." Akacheka kidogo kule nyuma ya gunia, kicheko cha mtu aliyefanya jema lake gizani, na Sheikha akaushika ukingo wa sufuria kwa mikono yote miwili kama aliyeona maji yakijaa, akayaona yote kwa mara moja, mkono wa mavyaa na samli yake, majirani na kawa zao, Athmani na kutu yake, Kanze na makaa yake, hakuna adui hata mmoja, wote wanampenda, wote wanamzika, kila mmoja na sepetu yake, kwa kuwa hawajui, na hawajui kwa kuwa hakuwaambia, na hakuwaambia kwa kuwa, aseme sasa, si kwa kiapo cha Athmani, Athmani alificha kisu tu, haya ya sufuria nani alimwapisha ayafiche, aliyaficha mwenyewe apate kuyala. Akasema asilolisema hata kwa mamake mzazi, akasema haikuwa ngiri, Kanze, nimekatwa utumbo nipungue, wamenikata wakaniunga, siku ile pumzi iliponikatikia ngazini na mtoto mkononi ukaja ukanipokea, unakumbuka, daktari alisema ikija ya pili utapokea maiti, si mtu, na sasa mafuta yataniua, haya ninayokula yataniua, na leo asubuhi napandishwa mizani na nimerudi nyuma, naogopa, Kanze, naogopa mizani na naogopa kaburi, na bado nikiuona ukoko huu nautaka, hata sasa hivi ninaposema nautaka. Nyuma ya pazia kitanda cha kamba kikalia, na sauti ikaja karibu zaidi, imepungua nguvu. "Na mimi nachochea moto..." "Hukujua." "Nachochea moto, Mungu wangu, na tui zito juu yake!" "Hukujua, Kanze, ni mimi sikusema." "Bwanako ajua?" "La kisu ajua. La sufuria nitamwambia mimi, kwenye teksi, kabla sijapanda ule ubao." Akajisikia akilisema, likatetemeka lakini likatoka zima. "Na jioni nitatembea, na kama yanyesha nitatembea." "Tutatembea. Nina miguu mimi, barazani wakiuliza nitawaambia bibi amsindikiza mpishi wake sokoni, nani atauliza zaidi?" "Saa za magharibi, soko lipi?" "Watauliza hilo wao, si wewe," akasema Kanze, na kwa mara ya kwanza usiku ule Sheikha akapumua hadi chini. Hakuinuka. Alikuwa bado juu ya mbuzi, sufuria mapajani, nusu ya ukoko imebaki na harufu yake inamwita, alfajiri iko mbali, chuma cha Kilindini kiko pale pale kinamngoja, na hofu iko pale pale, ila imeshatajwa jina. "Na Bi Mkubwa?" Kanze akanong'ona. "Nipe siku. Huyo nitamwambia kwa kinywa changu, bado sijui vipi. Ila asisikie kwa watu." "Kwa watu gani? Mimi nina watoto wanne nimewazaa kwetu na nimezika mmoja, najua neno la kubeba na neno la kutua. Wali wako nitaupika wa maji, kando, nitasema ni wa mtoto. Lakini haya uliyonipa usiku huu, Mama Mwanakuu, yameingia kwangu yamekwisha, mtu mwengine simwambii."