Kipande Kisichofyekwa

Bi Dagny Rostad alikuwa na sharti moja kazini: hachori kitu ambacho hakipo mbele ya macho yake. Kwa ajili ya sharti hilo aliwahi kubabuka pua kwa baridi, aliwahi kufukuzwa na fahali, na kwa miaka kumi na tisa kamati ya maonyesho ya mjini ilimrudishia picha zake zikiwa zimefungwa vizuri kuliko alivyozifunga yeye.

Kiangazi kile alipanga chumba kwetu akachora konde la nyasi lililo chini ya nyumba, lote maua, na maji nyuma yake. Alichora kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi. Baada ya hapo, alisema, mwanga unaharibika. Siku ya nane alimwambia mama, "Hii huenda wakaikubali." Mama akamwongezea kahawa. Kwetu hiyo ni pongezi.

Siku ya tisa mvua ilikatika. Siku kavu mfululizo upande wetu huja mara moja kwa kiangazi, zikija. Baba akanoa fyekeo lake la mpini mrefu, akafyeka konde, tukatundika nyasi kwenye vichanja zikauke. Alibakiza kipande kilichokuwa mbele ya Bi Dagny, ambacho ni chakula cha ng'ombe mmoja hadi Pasaka.

Hakumwambia kitu. Bi Dagny alidhani nyasi za pale hazijakomaa. Baba alidhani Bi Dagny anajua kuwa anangojwa, na kwamba anaharakisha. Kila asubuhi walisalimiana na kukubaliana kwamba hali ya hewa ni nzuri.

Jirani yetu Ommund aliegemea uzio.

"Sjur, kile kipande unakiacha kitoe mbegu?"

"Kinakaa kidogo," alisema baba.

"Na Brita anajua unamfugia mgeni maua?"

"Najua," alisema mama kutoka kwenye kichanja. "Mkeo je, anajua uko hapa tangu asubuhi?"

Siku ya nne ya ukavu, mawingu yalianza kupanda kutoka baharini. Ommund alimwendea Bi Dagny, akavua kofia.

"Samahani, Bi. Imebaki kazi nyingi?"

"Siku tatu. Maua ya mbele tu."

"Siku tatu. Mvua itaziwahi nyasi hizi, basi ng'ombe wao Litago atachinjwa mwezi wa kumi na moja. Ana maziwa mazuri, lakini ndiyo hivyo."

"Achinjwe kwa nini?"

"Sasa Sjur atamlisha nini, Bi? Picha?"

Bi Dagny alitazama kipande kile, akatazama mawingu, kisha turubai lake, ambalo sehemu ya chini ilikuwa bado nyeupe. Akaosha brashi zake zote saba, akaja nyumbani. Baba alikuwa anakula viazi na samaki wa chumvi.

"Bwana Sjur, mbona hukuniambia?"

Baba alitafuna kwanza. "Ulikuwa kazini."

"Na wewe hukuwa kazini?"

"Mimi naweza kungoja."

"Na Litago?"

Baba alisukuma sahani kando.

"Nipe fyekeo," alisema Bi Dagny.

"Umewahi kulishika?"

"Sijawahi."

Alifyeka nyasi, na mahali pengine alifyeka udongo. Baba alimfuata nyuma akikata alizoziacha zimesimama. Mama na mimi tulitundika, na kichanja cha mwisho Bi Dagny alikisimamisha mwenyewe. Mvua ilifika kesho yake adhuhuri, ikalowesha nyasi za juu ya vichanja tu.

Ilipopungua, alikaa palepale chini ya mwavuli, akayakwangua maua yote ya pichani kwa kisu, akaanza upya na kilichokuwepo: mashina ya nyasi zilizofyekwa, vichanja, maji ya kijivu. Alimaliza baada ya wiki mbili. Ommund akaja kukagua.

"Kichanja hiki kimepinda."

"Kilipinda," alisema Bi Dagny. "Nilikisimamisha mimi."

Ommund aliitazama tena picha, kisha konde. "Basi ndicho chenyewe," alisema.

Picha ilipelekwa mjini mwezi wa tisa, Bi Dagny akaifuata. Mwezi wa kumi baba alipata barua yake, akatusomea mezani polepole kama taarifa ya serikali.

"Wameikubali. Wameitundika juu ya mlango, kwa hiyo watu huiona wakiwa wanatoka. Nilisimama pale saa mbili nzima. Wengi walitoka."