Bakuli la Watu Wawili

Usiku wa jana niliota mambo aliyonieleza mjukuu wangu Nakijwa siku ya Jumapili, tukichambua maharage. Alisema Ulaya ya kale askari wa farasi walikuwa na vyama vyao. Wengine waliapa kwa Mungu, wakauguza wagonjwa na kulinda mahujaji. Vyama vingine wafalme waliviunda kwa ajili ya marafiki zao. Siku hizi vingi vimebaki nishani za kifuani tu. Jioni akapanda basi kurudi shuleni.

Basi, katika ndoto napakua makande jikoni kwangu, bakuli moja, vijiko viwili. Mimi na marehemu mume wangu Mbonea tulikula hivyo. Huu mwaka wa saba tangu afariki, na mkono bado unapakua ya wawili. Nusu yake huliwa na kuku asubuhi.

Nageuka, jiko limekuwa ukumbi wa mawe. Mlangoni iko kofia ya chuma, haina kichwa. Nikaiamkia, maana imenizidi miaka mia nane.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti."

Miaka mingi sijaitwa binti.

"Mwenye kichwa yuko wapi?"

"Alikwenda Yerusalemu. Namsubiri."

Nina njaa, natafuta pa kukaa. Kwenye meza ya kwanza kiti kikaniuliza, "Unamfahamu mfalme?"

"Namfahamu mwenyekiti wa kitongoji."

"Haitoshi."

Meza ya pili imejaa nishani. Moja ikasema, "Umefanya nini?"

"Nimelea watoto saba."

Zikasimama nishani saba, zikaniinamia, kisha zikaruka dirishani. Moja Tanga, moja Mwanza, nyingine sikujua zinakokwenda.

Meza ya tatu ni ya walioapa. Wamekaa wawili wawili, kila wawili bakuli moja. Nikaweka langu, nikachovya kijiko. Makande yakageuka kokoto.

"Mwenzako wa bakuli yuko wapi?" bakuli likauliza.

"Amefariki."

"Kanuni yetu, hakuna anayekula peke yake."

"Mimi nimekula peke yangu miaka saba."

"Umeshiba?"

Nikanyanyua bakuli niondoke.

"Ngoja, binti," ikasema ile kofia. Ikajiburuta kutoka mlangoni, ikapanda mezani. "Nitakula nawe, lakini sina mdomo."

"Na mimi sina meno. Kaa."

Kokoto zikawa makande. Nikailisha kwenye tundu la jicho. Punje zikawa zinaanguka ndani, ti, ti, ti.

"Chumvi imepungua," ikasema.

Mbonea naye alikuwa hakosi kusema hivyo.

Tukala tukamaliza. Ikaniegemea begani, nzito kweli, ikalala. Sikusogea, nisije nikaiamsha.

Nilipoamka kulishakucha, bega linauma. Kuku wako mlangoni wanadai nusu yao. Nikafunua bakuli nililoacha jana jioni: tupu. Kijiko cha Mbonea, ambacho huwa kikavu kila asubuhi, kina ganda la harage na kutu kidogo kwenye ncha.

Nikawarushia kuku pumba. Chumvi nikaisogeza karibu na sufuria, nisisahau jioni. Kisha nikarudi kitandani, nikalala.