Mausi za Mwalimu Wakoli

Dukani kwangu Kitale kuna maandishi mekundu ukutani: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Niliyaandika kwa mkono wangu na siyaonei haya. Nauza vifaa vya kompyuta, na nimechoka na watu wanaonunua kitu leo, wanakimwagia chai, halafu kesho wanakirudisha na uso wa malaika. Kwa hiyo Mwalimu Wakoli aliporudi na mausi niliyomuuzia, nilimwonyesha ukuta kwa kidole hata kabla hajanisalimia.

"Nimesoma, madam," akasema. "Lakini mkono wa mtoto wangu bado unauma."

Mara ya kwanza alikuwa ametoka Bungoma kuja kuchukua mbegu za mahindi. Akaona mausi zimepangwa kwenye meza yangu karibu na mlango, akaingia. Alikuwa amevaa koti na tai, na jua lilivyowaka siku hiyo! Aliomba "kipanya", kama alivyokuwa akifundisha darasani kabla ya kustaafu, nami nikajifanya sijasikia ili aseme mausi kama watu wengine. Hakusema. Alinieleza habari za binti yake Nekoye, na hapo nikaacha utani.

Nekoye hutengeneza vitabu vya mazishi katika duka moja la uchapishaji mjini Bungoma, vile vyenye picha ya marehemu kwenye jalada na ratiba ya ibada ndani. Kazi ngumu ni hiyo picha. Wazee wengi hawana picha ya peke yao. Familia huleta ile aliyopigwa katika arusi ya mtu mwingine, amebanwa katikati ya bibi arusi na wapambe. Nekoye humtoa humo polepole kwa mausi, akifuata ukingo wa nywele, shavu, sikio, mpaka mzee abaki peke yake na mbingu ya samawati nyuma yake. Watu walikuwa wakitoka Myanga na Bumula kumtafuta yeye kwa jina.

Lakini mwaka huu kifundo cha mkono wake wa kulia kilianza kuvimba, na mkono ukaanza kutetemeka. Marehemu mmoja akachapishwa bila ncha ya sikio, na wanawe wakaja dukani wamewaka moto. Wamalwa, mwenye duka, akamwambia Nekoye wazi: mkono upone kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo kazi ataipa mtu mwingine.

"Hajui kazi nyingine na hataki nyingine," mzee aliniambia. "Madam, nipe ile haitamuumiza. Nipe ile nzuri kabisa."

Sasa, mimi nina mtindo wangu. Sikuuzii mausi bila kuuona mkono. Mkono mdogo ukishika mausi kubwa, vidole vinanyooshwa mchana kutwa. Mkono mkubwa ukishika ndogo, unakunjamana kama unaokota maharagwe. Halafu naibonyeza karibu na sikio langu. Mlio ukiwa mkavu, na ukiwa uleule kila nikibonyeza, hiyo itadumu. Waya ni bora kuliko betri kwa mtu wa kazi, maana waya haukuzimikii katikati ya sikio la marehemu.

"Mkono wa binti uko wapi?" nikauliza.

"Ni kama wangu," akasema, akaulaza mkono wake wa kulia mezani. "Vidole virefu, kiganja chembamba. Kila mtu husema mikono amenichukua mimi."

Nikaupima mkono wa mzee. Nilimpa kwanza mausi ya kawaida, nyeusi, ya waya, iliyo sawa pande zote mbili. Akaisukuma kando.

"Hiyo ni ya watoto wa shule. Mtoto wangu anafanya kazi kubwa."

Basi nikampa ya hali ya juu, yenye mgongo uliopinda na kijukwaa cha kulaza dole gumba. Aliijaribu, akatabasamu. Hiyo ndiyo aliyorudi nayo baadaye, nami nikaipokea huku nikinung'unika, nikambadilishia na ile inayosimama wima, ambayo unaishika kama unamsalimu mtu kwa mkono. Wanaoumwa na mkono huisifu sana. Nikajua hapo nimemaliza.

Wapi! Akaja tena. Safari hii hakuwa na shughuli ya mbegu wala nini. Alikuwa ametoka Bungoma kwa ajili ya mausi tu, ingawa hiyo ya kusimama alikuwa ameiacha huko.

"Haijamsaidia," akasema.

Nikapandwa na hasira. Nikaona binti anadeka, na baba anamdekeza.

"Mwalimu, huyo binti yako anataka nini hasa? Si aseme mwenyewe, bana!"

"Hasemi. Nikimuuliza ananiambia, ni nzuri, baba, asante." Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai. "Lakini jioni namwona akisonga ugali. Anashika mwiko na mikono miwili, na anang'ata mdomo. Anafikiri sioni."

Hasira yangu ni ya haraka kuja na haraka kuondoka, na hiyo iliondoka kabisa. Nilimwona mzee yule amekaa jikoni na tai yake, anatazama mwiko na hajui la kufanya.

"Rudi nyumbani," nikamwambia. "Nitakuja mwenyewe."

Nilikwenda Bungoma wiki hiyohiyo, nimeitia ile mausi ya kawaida mkobani pamoja na ile yenye kijukwaa aliyoirudisha. Duka la Wamalwa liko nyuma ya soko. Nilikuta benchi mlangoni na gazeti limekunjwa juu yake, lakini mzee hakuwapo. Jirani akaniambia Mwalimu hushinda hapo, ila ameenda nyumbani kuleta chai ya binti yake, kama kawaida yake. Nikaingia.

Nekoye alikuwa amenipa mgongo. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na bibi mmoja wa kilemba, yu katikati ya kutolewa arusini. Mstari ulikuwa unazunguka sikio lake taratibu, haukwami, hautetemeki, unapita kila mkunjo hadi kwenye hereni. Nikasimama kutazama, maana kazi nzuri ni kazi nzuri. Halafu nikautazama mkono unaoifanya.

Ulikuwa wa kushoto.

Chini yake kulikuwa na mausi kuukuu ya duka, imechubuka, ile ambayo ukiibonyeza mara moja inaruka kama imebonyezwa mara mbili. Ile yangu ya kusimama wima ilikuwa upande wa kulia, imefutwa vumbi, imewekwa vizuri kama vyombo vya wageni.

Nikakohoa. Binti akaruka, na kabla hata hajageuka, mkono wake wa kulia ulikuwa umeshaishika ile ya kusimama.

"Woi! Nilidhani ni baba."

"Mimi ni Nyaguthii wa Kitale. Ndiye ninayemuuzia babako mausi. Kwani akiwa baba ni nini?"

Alinitazama, akatazama mlango, akanivutia kiti.

"Anti, usimwambie. Tafadhali." Alizungumza kwa sauti ya chini. "Nikiwa mdogo nilikuwa wa kushoto. Baba akaniachisha. Alikuwa anafunga hiyo mkono na kitambaa, halafu anakaa na mimi jioni yote tunaandika na hii ingine. Hakuwa ananichapa, hapana. Alikuwa anaogopa nikiolewa nitapatia wakwe chakula na kushoto, wanirudishe nyumbani na aibu. Alihangaika sana na mimi."

"Na hapa dukani?"

"Hapa nilikuwa najifanyia tu na kushoto, hakuna mtu anajali. Lakini mama alipofariki, baba akabaki kwetu Sirisia peke yake. Alikuwa hakuli. Nikamwambia kuja tukae na wewe Bungoma. Sasa anakaa hapo kwa benchi na gazeti yake tangu asubuhi. Nitatumiaje kushoto mbele yake? Ataona ati kazi yote alifanya ilikuwa bure."

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Mkono ulianza kuuma mzee alipohamia kwake. Na kila alipomletea mausi nzuri zaidi, iliyochongwa kwa mkono wa kulia tu, binti alilazimika kuutumia mkono huo kuliko hata alipokuwa na ile kuukuu, maana utaachaje zawadi ya baba mbele ya macho yake? Nilikasirika, na mtu wa kumkasirikia sikumpata. Nikajikumbuka mimi mwenyewe, nikiupima mkono wa baba ili nimvishe mtoto.

"Sitamwambia," nikasema.

Na sikumwambia.

Mwalimu Wakoli aliingia na chupa ya chai kwapani na vikombe viwili mkononi. Alifurahi kuniona, akanipa kikombe kilichokuwa chake. Nekoye alikuwa ameshaurudisha mkono wa kulia kazini, na pale kwenye kioo mstari ukatoka nje ya hereni ya bibi, ukaingia shavuni. Akaufuta, akaanza tena. Ukatoka tena. Mzee alikuwa anaona, na uso wake uliniuma kuutazama.

"Mwalimu," nikamwita, "njoo uijaribu mausi yako."

Nikaichukua ile ya kusimama, nikaiweka ukingoni mwa meza. Akaishika.

"Iko sawa," akasema. "Inakaa vizuri sana."

"Sasa ijaribu na kushoto."

"Kushoto ya nini?"

"Ijaribu tu, mwalimu. Mimi ndiye muuzaji."

Nekoye alinikazia macho. Nikatazama chai yangu.

Mzee akaishika kwa mkono wa kushoto. Dole gumba likakosa pa kukaa. Vidole vikaangukia upande usio na vibonyezo. Akaigeuza, ikampa mgongo. Akaigeuza tena. Nikampa ile ya kwanza, yenye kijukwaa, na hiyo pia ikamkataa. Kisha nikatoa mkobani ile nyeusi ya kawaida, ya watoto wa shule. Akaiweka chini ya kiganja cha kushoto, nayo ikatulia. Akaibonyeza mara moja, polepole. Mlio ulikuwa mkavu na safi.

Alikuwa mwalimu maisha yake yote, hakuhitaji kufundishwa mara mbili. Macho yake yalitoka kwenye mausi ile yakaenda mezani kwa binti yake, kwenye mausi kuukuu ya duka, iliyoachwa upande wa kushoto, waya wake umevutwa mpaka huko, na meza imesuguliwa mpaka ikang'aa pale ilipozoea kutembea.

"Ni tangu nije?" akauliza. Hakuwa ananiuliza mimi.

"Baba, si wewe. Ni kazi tu imekuwa mingi."

"Nimekuuliza, mama. Mkono unauma tangu nije?"

Nekoye akainamisha kichwa, akaitikia bila sauti.

Mzee akakaa kwenye benchi yake. Akalishika gazeti, akaliweka chini bila kulifungua. Nilimhurumia mpaka nikatamani ningebaki Kitale na maandishi yangu ukutani. Mtu ametembea huku na huko akitafuta kinachomuumiza mtoto wake, kumbe kimekaa kwenye benchi kinasoma gazeti.

"Niliogopa watu watamcheka," akaniambia, kama vile mimi ndiye hakimu. Kisha akamgeukia binti yake. "Basi nitakuwa nakaa nyumbani. Ufanye kazi yako vizuri."

"Usiende mahali!" Nekoye alisema kwa nguvu hata mimi nikashtuka. "Nyumbani utakaa na nani? Hapo kwa benchi ndio pako."

Mzee akasimama, akaichukua ile mausi aliyoikataa dukani kwangu, akaipangusa kwa koti lake. Akamwendea binti yake.

Nekoye akanyoosha mkono wa kulia kuipokea, wa kushoto ukishikilia kiwiko chake kwa adabu, jinsi wengi wetu tulivyofunzwa kupokea kitu kwa mkubwa. Kifundo kilikuwa kimevimba, niliona. Mzee akaizuia mausi.

"Si huo, mama," akasema. "Nipe ule wako."

Binti hakuelewa, au alielewa akaogopa. Mkono wa kushoto ulitoka polepole, umejikunja, kama mtu anayetarajia kukatazwa. Mzee aliitia mausi ndani yake, akavifunga vidole vya binti yake juu yake kwa mikono yake yote miwili, na hakuviachilia mapema.

Mimi nikazikusanya zile mausi zangu nzuri, nikazitia mkobani. Zilikuwa zimerudishwa, na ukuta wangu sikuutaja.

Nekoye alichomeka waya. Mstari ukaanza tena kwenye ncha ya sikio la yule bibi, ukateremka, ukazunguka hereni bila kutikisika. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini mkono haukutetemeka. Babake alisimama nyuma yake akitazama mpaka shavu likaisha. Kisha akammiminia chai, na kwa mkono wa kulia, kama alivyozoea, akamwekea kikombe upande wa kushoto.