Moto wa Kiasi

Ndege ilikuwa imeshageuza pua kuelekea njia ya kurukia, na fundi bado amesimama pale kwenye zege, vizibo masikioni, anapunga mkono kama anayefukuza nzi. Dirishani alikuwa mama wa mchumba wake, anasafiri kwenda kwa kaka yake, mkubwa wa ukoo, kumweleza kwamba kijana wa kumwoa binti amepatikana. Bila neno la kaka huyo, hakuna ndoa. Miaka kumi na moja fundi alikuwa akikagua ndege na hajawahi kumsemesha abiria. Siku hiyo akajisahau. "Mama, panda bila wasiwasi," alikuwa amemwambia pale ngazini. "Hii nimeikagua mimi mwenyewe, kwa mkono wangu huu."

Dakika ishirini baadaye ndege ikarudi.

Kulikuwa na taa moja ndogo kwenye chumba cha rubani, ile ya kuonyesha kwamba mlango wa mizigo uko wazi, nayo ilikataa kuzimika. Mlango wenyewe ulikuwa umefungwa ndi. Lakini kazi ya ndege ndivyo ilivyo: taa ikiwaka, rubani habishani nayo, anarudi, na akirudi, gari la zimamoto linatoka kumpokea, hata kama wazimamoto wamekatishwa mchezo wa karata. Fundi akakuta swichi ya mlango imeshika grisi na vumbi. Akaifuta kwa kitambaa, akaandika kwenye kitabu cha ndege, akatia sahihi. Robo saa tu. Ndege ikaondoka tena na abiria wote isipokuwa mmoja.

Huyo mmoja, mama wa mchumba, alikuwa kwenye benchi la ukumbini, simu sikioni. Dada yake akaambiwa ndege ilitikisika. Jirani akaambiwa gurudumu limeng'oka. Alipofika nyumbani na kuvua viatu, bawa la kulia lilikuwa linawaka moto. Kesho yake rubani alikuwa amelia mbele za watu, na kufika Ijumaa mwenye duka la mtaani alimpa fundi pole kabisa.

"Nasikia ilikatika vipande viwili," alisema. "Wewe ulikuwa kipande kipi?"

Hayo fundi angeyacheka. Tatizo, habari ilimfikia kaka mtu ikiwa na mkia: aliyeikagua ndege ndiye huyohuyo anayetaka kuoa. Kaka akapanda basi, siku nzima njiani hadi kwa dada yake, akaagiza fundi aletwe mbele yake Jumapili.

Mchumba alimvuta jikoni kabla hajaingia sebuleni. Alikuwa mfamasia, mtu wa vipimo.

"Kubali moto," alimnong'oneza. "Si mkubwa. Moto wa kiasi."

"Moto wa kiasi ndio upi?"

"Wa kuzimwa kwa blanketi. Mama anabaki na heshima yake, na mjomba haoni kama ulitaka kumuua dada yake."

"Mwenzangu, nikisema uliwaka na kitabuni sikuuandika, Jumatatu wananinyang'anya leseni. Jumanne naitwa polisi."

"Usipokubali, mama ni mwongo mbele ya kaka yake. Atakuoza nani hapo?"

"Ndiyo maana unaniona natoka jasho."

Sebuleni mjomba alikuwa amekaa kiti cha kona, kofia gotini. Mama alikuwa kando yake, kichwa kimefungwa kitambaa kama mtu aliyeruhusiwa hospitali asubuhi hiyo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kaa. Wewe ndiye uliyeikagua?"

"Ni mimi."

"Ikawaka moto."

Fundi alimtazama mama. Mama alitazama dari.

"Haikuwaka, mjomba. Ilikuwa taa." Akaonyesha ncha ya kidole chake kidogo. "Ya ukubwa huu."

Huko jikoni kifuniko cha sufuria kilianguka na kuzunguka muda mrefu.

"Na moshi?" mama aliuliza. "Niliuona kwa macho yangu, unatoka juu ya viti."

"Ule ni ukungu wa hewa baridi, mama. Kama friji ukiifungua siku ya joto."

"Na ule mshindo chini ya miguu yangu?"

"Magurudumu yanashushwa. Kila siku yanagonga vile."

"Rubani alishuka anafuta machozi."

"Alikuwa anacheka, mama. Kuna mzimamoto alitoka mbio amevaa buti zote mbili za mguu wa kushoto."

Mjomba hakucheka, ila kofia ilitikisika gotini.

"Ngoja kwanza," alisema. "Mlango umefungwa, taa ni kama punje, na bado mkarudisha watu hamsini?"

"Ndiyo. Tunarudi kwanza, ndipo tunatafuta sababu."

"Na kitabuni uliandika nini?"

"'Swichi chafu. Imefutwa.'"

"Basi?"

"Basi, mjomba."

Mjomba akamgeukia dada yake. "Huyu angeweza kuja hapa kujisifu kwamba ameokoa roho hamsini. Ameleta swichi chafu. Nimeshaozesha mabinti wanne kwa wanaume wenye maneno matamu, na wote wanne unajua walikoishia. Mpe huyu."

Mama alifungua kitambaa kichwani, akakikunja mara nne.

"Haya, mwanangu, binti chukua. Lakini hiyo swichi yako ibaki humu ndani. Huko nje watu wameshaniletea matunda na sabuni. Nitawarudishiaje?"

"Mtaani sitasema kitu, mama. Kazini wakiniuliza, nitajibu."

"Kazini kwako mimi sina jirani."

Ndoa ilifungwa baada ya miezi miwili. Mama aliwasimulia wageni safari yake, mara hii mabawa yote mawili yakiwaka, na bwana harusi akaendelea kula. Swichi ilibadilishwa kwenye ukaguzi uliofuata. Rubani alihamishiwa ndege kubwa zaidi. Mwenye duka aliapa kwamba hatapanda ndege tena, ingawa hakuwa amewahi kupanda. Mjomba alirudi kwake kwa basi. Liliharibika mara tatu, abiria wakalala njiani, na alipofika alipiga simu kusema safari ilikuwa nzuri. Fundi na mfamasia walipata watoto wawili. Fundi bado anakagua ndege, na abiria hawasemeshi.