Jina la Séverin Mwambani

Watu wa misheni walipenda kusema kwamba mume wangu Séverin alikuwa mhubiri wa kweli. Sawa. Mimi ndiye niliyekuwa mpishi wa huo ukweli wake, na nakuambia, haukujaza sufuria.

Alihubiri katika kanisa dogo la udongo na majani, kijiji cha porini, mwendo wa asubuhi nzima kutoka maporomoko ya Kisangani ambako tulizaliwa sote wawili. Nyumba tuliyolala ilikuwa ya misheni. Shamba la mihogo lilikuwa la misheni. Kitu kimoja tu kilikuwa chetu: mahali pa baba zake kwenye maporomoko, kati ya mawe mawili, ambapo ukoo wake ulifunga miti na kutundika vile vikapu vikubwa vya kunasa samaki. Kaka yake mkubwa, Urbain, alituangalizia mahali hapo, na kila wiki alitutumia fungu letu la samaki. Kwa samaki hao watoto wetu walikua.

Sasa sikiliza desturi yetu. Maji ya mto yakipungua, kabla ya kusimamisha mti wa kwanza, wanaume wanakutana juu ya mwamba. Mkubwa wa miti anamwaga masanga, pombe ya mchikichi, anaita wazee waliokufa, kisha anaita walio hai, kila mtu kwa mahali pake. Ukiitwa unajibu, "Niko." Ukiwa mbali, ndugu yako anaweza kukujibia. Asiyejibiwa, mahali pake wanapewa wengine. Urbain ndiye alikuwa mkubwa wa miti, na kila mwaka, akifika kwenye jina la Séverin, alijibu mwenyewe, "Iko," yaani yupo. Mdogo wake hakujua. Mimi nilijua, nikanyamaza. Kwa nini niseme?

Akatokea mtu wa kanisa mwenye mdomo mrefu, akamwambia. Siku hiyo Séverin hakula. Jumapili alisimama mbele ya watu, shati limefungwa mpaka shingoni, akalia kabisa.

"Miaka yote hii jina yangu inatajwa juu ya masanga ya bazimu, na miye nasimama hapa na Kitabu. Kuanzia leo isiitwe tena. Mungu mwenyewe njo atanilisha."

Nyuma kabisa akainuka Émile, mtu mpole aliyepiga ngoma ya kuita ibada. Naye alikuwa na mahali pake kwenye maporomoko.

"Na yangu isiitwe," akasema.

Watu wakaimba. Mimi sikuimba. Nilimtazama mume wangu nikatamani nimpige na kile kitabu cha nyimbo.

Walikwenda wote wawili mpaka mwambani wakarudia maneno hayo mbele ya ukoo. Urbain alimbembeleza mdogo wake mpaka akachoka. Jina ukilitoa wewe mwenyewe, hakuna ndugu awezaye kulijibia tena. Maji yalipopungua, mahali pa Émile palipewa watu wengine. Mahali petu Urbain alipaacha wazi, bila mti, bila kikapu, akawaomba wazee wasubiri msimu mmoja tu.

Msimu huo ulikuwa mbaya. Tulikula kwanga na pondu, mihogo na majani yake, pondu na kwanga. Mtoto wa Émile alivimba miguu, nywele zikawa nyekundu, akafa. Séverin ndiye aliyemzika, na juu ya kaburi alihubiri mana ya jangwani. Émile alisema amina. Nikarudi nyumbani, nikamvua Simone wetu, kitinda mimba, kitambaa cha kichwani. Nywele zake nazo zilikuwa zimeanza kuwa nyekundu.

Kisha, mwaka mmoja baada ya Mfalme wa Wabelgiji kupita mjini, Mzungu wa misheni akaja na gari lake. Alikuja na kijana aliyesoma, anayejua Kifaransa, ndiye atakayehubiri sasa. Alimshika Séverin mkono, akamshukuru, akaomba sala ndefu. Nyumba ilitakiwa tuiache mapema.

"Mungu hatawaacha," akasema, akapanda gari.

Tukarudi kwenye maporomoko, uani kwa Urbain, na mikeka yetu kichwani. Maji yalikuwa yamepungua tena.

"Leki," Urbain akamwambia mdogo wake, "kesho tunamwaga. Bazee banasema hii njo mara ya mwisho. Ulitoa jina na kinywa yako, itarudia na kinywa yako."

"Siwezi, yaya," Séverin akamjibu kaka yake. "Nilisema mbele ya batu."

Nilikuwa nimechoka. Nikamchukua Simone nikamkalisha mapajani mwa mume wangu.

"Papa Simone, angalia kichwa ya mutoto. Bon. Sasa uniambie tena mambo ya mana."

Alizipapasa zile nywele. Wanasema mwenye njaa hana miiko. Lakini mume wangu hakuwa na kitu kingine duniani ila hiyo miiko, na nilijua namnyang'anya. Nilimnyang'anya hata hivyo.

Asubuhi wanaume walipanda mwambani, sisi wanawake tukabaki ukingoni. Simone nilimbeba mgongoni. Nikaona Émile anakuja, suruali imelowa umande mpaka magotini.

"Mama Pasta," akaniambia, "nilisikia banamutafuta arudie. Nimekuja kumusimamia, asikatae peke yake."

Nilimsogezea nafasi ukingoni.

Urbain akamwaga masanga. Akaita wafu, akaita walio hai. Akaita, "Séverin." Mume wangu aligeuka akatutazama, mimi na huyu mgongoni.

"Niko," akasema. Alisema kwa ile sauti yake ya kuhubiri, ikafika mpaka ukingoni.

Urbain akafuta macho. Mimi nilifurahi, sitadanganya. Nilifurahi kwa muda wa kumeza mate.

Émile aliingia majini, akapita kwenye mawe mpaka chini ya mwamba. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Pasta," akasema, "na miye?"

Séverin akamgeukia kaka yake. Urbain akatazama miguu yake. Mahali pa Émile palikuwa na miti ya watu wengine, na maji yakimwagika hayazoleki.

"Basi mutoto yangu," Émile akauliza, "alikufa juu ya nini?"

Alisubiri jibu, uso ameuinua, vilevile alivyokuwa akisikiliza kanisani. Mwishowe akarudi zake kijijini kwa miguu.

Simone alipona, nywele zikarudi nyeusi. Séverin anafunga miti vizuri kuliko kaka yake. Hahubiri tena, na mezani haombi. Mkono unakwenda moja kwa moja kwenye sahani. Nikipata nafasi nampelekea Émile samaki. Anapokea kwa mikono miwili, anaviombea sala ndefu vile visamaki, ananituma nimsalimie Pasta. Bado anamwita Pasta.

Nikirudi, Séverin ananiuliza Émile alisema nini.

"Aliomba," namwambia. "Anakusalimia."

Basi anasukuma sahani kando, hata kama amefanya kazi kutwa, na mimi namalizia samaki peke yangu.