Uyoga wa Katikati

Watu wa barabarani waliniita Kiguu na Njia, na sikukasirika, maana jina lilinikaa. Nimekata mbao, nimechimba visima, nimeweka vigae kwenye mabafu ya watu nisiowajua. Shule niliisoma vipande vipande, darasa hapa, darasa kule. Magoti yalipogoma ndipo nikaenda kubisha mlango wa binti yangu, na mfuko mmoja mkononi. Alifungua, akanitazama juu mpaka chini.

"Baba. Ingia basi, mbu wanapita."

Hakuniuliza miaka yote ile nilikuwa wapi. Nikaona bahati yangu. Kumbe binti yangu alidhani anajua.

Kazi yake ni kutengeneza michezo ya kompyuta. Sebuleni ana meza ndefu, skrini mbili, na kiti cha kuzunguka ambacho mimi hukikalia akiwa ametoka. Mchezo aliokuwa anaumalizia unakutupa msituni peke yako, huna maji wala kiberiti, utafute mwenyewe namna ya kuishi. Akanipa niujaribu. Siku ya kwanza nilikufa mara tatu.

"Baba! Umekufa kwa kiu na mto uko mgongoni mwako!"

"Mto gani huo usio na sauti?"

Alicheka mpaka akashika mbavu. Kesho yake mto ukawa na sauti.

Ndivyo nilivyopata nafasi katika nyumba ile. Kila jioni ananiuliza: moshi wa kuni mbichi una rangi gani, nyayo zinadumu siku ngapi kwenye tope, mtu akipotea huanza kuogopa saa ngapi. Mimi najibu, yeye anachora. Nilitaka kitu kimoja tu, nife nikiwa baba wa mtu, na nilikiona kinakuja.

Siku moja akanionyesha sehemu aliyokuwa ananificha. Ndani kabisa ya msitu wake uyoga umeota kwa duara, mweupe, umekaa kama watu waliozunguka kikao. Katikati ya duara umesimama uyoga mmoja, mrefu kuliko wote. Mchezaji aliyepotea akiugusa ule, mvua inakatika, na anasikia vyombo vinagongana jikoni kwao.

"Unaukumbuka?" akaniuliza.

Nisiukumbuke vipi? Alipokuwa na miaka tisa mama yake alifariki, na mimi sikwenda kuzika. Nilipiga simu siku ya pili yake. Nikamwambia niko msituni kwenye mbao, mvua imekata barabara, ila nimesimama katikati ya duara la uyoga, huu mkubwa nimeushika hapa, nakuwaza wewe. Mtoto akaacha kulia.

"Kila usingizi ukinikataa nilikuwa nakuona umesimama pale," akasema. "Mchezo ukitoka, mwanzoni kabisa nimeandika: Kwa baba yangu, aliyesimama katikati."

Nikasema ahsante, mwanangu. Chai ikanipoa mkononi.

Wiki ile mvua ilinyesha mfululizo. Jumamosi asubuhi akaja kunigongea, kanga ya kichwa imekaa upande.

"Baba, vaa viatu! Uwanja wa mpira, nyuma ya goli, kuna duara! La kweli!"

Tulimkuta mkata nyasi wa uwanja ameegemea mashine yake, hataki kulikata. Duara lilikuwa pana, ungeweza kuegesha gari dogo ndani yake. Ukingoni majani yamekoza kijani, uyoga umejipanga. Ndani yake kuna mkanda wa majani yaliyokauka. Binti yangu akachutama, akatoa tepu ya kupimia.

"Hili nalijua tangu likiwa kama sahani," mkata nyasi akasema. "Chini ya udongo kuna nyuzi nyeupe. Zinakula zikienda nje, kila mwaka hatua kidogo. Uyoga unachomoza pale mbele, penye chakula."

"Na ule wa katikati?" binti yangu akauliza. "Ule mkubwa?"

"Katikati?" Akacheka. "Dada yangu, katikati ulishakula ukahama. Nani anakaa na sufuria tupu?"

Binti yangu akaizungusha tepu kidoleni. Kisha akasema, "Labda wa msituni ni aina nyingine. Baba yangu aliuona kwa macho yake. Aliushika."

"Basi mzee ndiye mwalimu wetu. Hebu tuambie, mzee, ulikuwaje?"

Wakanigeukia wote wawili. Mlango nilikuwa nimefunguliwa, nipite tu. Maneno mawili ya msituni yangetosha. Nilichoshindwa ni uso wa binti yangu. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyenidhamini kituo cha polisi.

"Twende, mwanangu," nikasema.

Hatukufika mbali. Nilikaa kwenye ngazi za jukwaa, nikamwambia. Mwaka ule sikuwa msituni. Habari ya duara nilipewa na mwenzangu mmoja wa mbao, zamani. Uyoga wa katikati niliutia mwenyewe, kunogesha.

"Ulikuwa wapi?"

Nikamtajia mji. Ni mwendo wa asubuhi moja kutoka kwao.

"Barabara ilikatika?"

"Haikukatika."

"Ulikuwa unafanya nini huko, baba?"

"Nilikuwa naishi na mama mmoja. Hakujua kama nina mke. Ningemwambia naenda kumzika nani?"

Akavuta tepu, akaiachia, ikarudi yenyewe.

"Alikuwa na watoto?"

"Mmoja. Msichana. Umri wako wewe."

"Ulimfundisha baiskeli?"

"Ndiyo."

"Alikuwa anakuitaje?"

Kule nyuma ya goli mashine iliwashwa. Nilingoja ikae sawa, kana kwamba ningepata jibu jingine.

"Baba," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu. Ngazi zilikuwa zinateleza, kwa hiyo akanishika mkono, akanishusha moja moja mpaka chini.

Sijafukuzwa. Chumba ni kilekile, shuka hubadilishwa kila Jumapili. Mchezo umetoka, watu wanausifu. Duara limo, katikati ni majani tu. Jioni anafanya kazi yake na mimi nakaa kimya nisimsumbue. Asubuhi ananigongea mlango, na sauti yake ni nzuri, haina kisirani hata chembe.

"Mzee, chai iko mezani. Mzee, dawa umeshakunywa?"